Miaka Mitano ya Kusema Bado

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, magoti yangu ni mazima, na Jumatatu nina mtihani wa kemia ambao sijausomea hata ukurasa mmoja. Lakini nimestaafu, tena mbele ya mashahidi, kwa hiyo nina haki ya wastaafu wote ya kukaa kitako na kuwachosha wadogo kwa habari za kazini. Wewe Nadia, uliyepewa nafasi yangu wiki iliyopita, soma polepole. Vyeo na mishahara sitavigusa. Cheo kilikuwa kile kile tangu siku ya kwanza, na mshahara ulikuwa sambusa mbili, au tatu kama mama yangu hatazami.

Kwanza niwaeleze wasiofika kwetu. Hjulsta, hapa Stockholm, Sweden, mwisho kabisa wa njia ya treni ya bluu, kuna ukumbi chini ya jengo la ghorofa ambako tunakutana Jumamosi mbili kwa mwezi. Ni Warundi hasa, Wakongo kadhaa, na Wakenya wachache waliofuata harufu ya chakula wakajikuta wanapenda historia. Ndiyo maana tunaongea Kiswahili, ili asiachwe mtu. Kwenye makaratasi ya manispaa sisi ni kikundi cha masomo. Somo letu ni moja tu: Buzirimo.

Usiitafute kwenye simu, haimo. Buzirimo ilikuwa nchi ndogo ndani ya ufalme wa Burundi, milima sita na mto mmoja, na mtawala wake alikuwa ganwa, yaani mwana wa ukoo wa kifalme aliyekatiwa sehemu yake aitawale. Mtu mwenye miguu mizuri aliivuka kati ya uji wa asubuhi na chakula cha mchana. Wajerumani walikuja wakaikuta. Wabelgiji wakaja wakaikuta, wakaivumilia kwa miaka, kisha wakaibandika kwenye nchi ya jirani, ikaisha. Anayejua habari zake ni Mama Perpetua, mjukuu wa ganwa wa mwisho aliyeitwa Ntibanyura. Siku tano kwa wiki Mama Perpetua anasafisha ofisi za wahandisi wa kompyuta kule Kista. Jumamosi anasimulia nchi.

Na kwa desturi ya Buzirimo, nchi haisimuliwi na mtu mmoja. Msimuliaji anakaa, na pembeni yake anakaa mwitikiaji, ambaye ni mtoto. Msimuliaji akimaliza jambo ananyamaza, na mwitikiaji anajibu kwa neno moja. Kama jambo hilo amelisikia kwa midomo miwili, anasema "Ndivyo." Kama amelisikia kwa mdomo mmoja tu, anasema "Bado." Bado si tusi. Haimwiti mtu mwongo. Inasema chakula hakijaiva, kirudi jikoni. Msimuliaji analirudia jambo, labda akaongeza alichosahau. Akipigwa Bado ya tatu kwa jambo lile lile siku hiyo hiyo, anaacha kusimulia, na anawauliza watu: "Nani ana mdomo wa pili?"

Mimi niliajiriwa kwa utovu wa adabu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeburutwa ukumbini na mama, na mwitikiaji wa kabla yangu alikuwa ameshaota ndevu na kuhamia Malmö. Mama Perpetua alikuwa anasimulia peke yake, anajijibu mwenyewe. Alipofika kwenye habari ya Mjerumani na mlima, nikasema kwa sauti, bila kukusudia, "Ah, wapi!"

Mama yangu akanifinya paja. Ukumbi mzima ukageuka.

"Nani huyo kasema ah wapi?" akauliza Mama Perpetua.

"Nisamehe, dada yangu," mama akasema, "huyu mtoto simjui alikotoka."

"Usiniombe msamaha. Miezi minane natafuta mtoto asiyeniogopa. Unaitwa nani wewe?"

"Ines."

"Njoo ukae hapa, Ines."

Siku hiyo ya kwanza nilisema Bado kwa kila kitu. Mto unateremka kuelekea ziwani: Bado. Ng'ombe wa ganwa walikuwa na pembe: Bado. Watu walicheka mpaka machozi, nami nikaona nimepata kipaji changu duniani. Chakula kikapoa. Mwishoni Mama Perpetua akaniuliza kama nimemaliza, nikamwambia Bado. Akacheka pamoja na wengine, kisha akaniinamia. "Leo umemwaga pakiti nzima ya chumvi. Jumamosi ijayo njoo na kijiko."

Sasa vifaa. Cha kwanza ni ramani. Mama Perpetua aliichora Buzirimo kwenye karatasi ya kuokea mikate, ile ya kukunjua kutoka kwenye roli, kwa sababu ndiyo karatasi ndefu kuliko zote dukani na haichaniki ovyo. Ukiikunjua yote inavuka ukumbi. Usiikanyage, na usiweke kikombe cha kahawa juu ya mlima wa pili, maana aliyefanya hivyo ni mimi na leo mlima huo una ziwa ambalo halikuwapo. Cha pili ni daftari. Kila jambo lina mstari wake, na kila mdomo unaolithibitisha unapata kijiti kimoja. Cha tatu ni simu yenye chaji.

Midomo inatafutwa hivi. Usimwulize mtu mzima, "Eti ni kweli ganwa alifanya hivi na hivi?" Atakuambia ni kweli, kwa heshima tu, ili uache kumsumbua. Muulize, "Siku ile ilikuwaje?" kisha ufunge mdomo wako na ule ulichopewa. Nimekula ugali wa muhogo Jumapili tatu mfululizo kwa ajili ya kijiti kimoja. Na uchunge jambo moja ambalo Mama Perpetua alinifundisha wiki ya pili: midomo miwili itoke nyumba mbili. Ndugu waliokua kwenye chungu kimoja ni mdomo mmoja.

Kesi yangu ngumu ya mwanzo ilikuwa ile ile ya Mjerumani. Inasemekana afisa alikuja na mzigo wa vyombo vya kupimia, anataka kujua nchi ya Ntibanyura inaishia wapi. Ntibanyura, ambaye nchi yake ingeenea kwenye leso, akampokea kwa heshima, akampa waongozaji, na waongozaji wakamzungusha mlima mmoja mara tatu kwa njia tofauti. Mjerumani akaandika milima mitatu. Kwenye ramani ya serikali Buzirimo ikanenepa, na nchi nene, kwa wakati huo, ilikuwa vigumu kuimeza.

Tamu sana, lakini mdomo ulikuwa mmoja. Nikamtandika Mama Perpetua Bado kwa karibu miaka miwili, moja moja kila msimu, kwa adabu. Kisha Mkongo mmoja wa kikundi chetu akampigia shangazi yake aliyeko Uvira, tukaweka simu juu ya meza. Nikamwuliza bibi yule kama kwao kuna habari yoyote ya mzungu wa kupima. Akasema babu yake alikuwa mpagazi, na maisha yake yote alilalamika kwamba kuna mzungu alimpitisha na kreti ya vyuma kichwani mbele ya jiwe moja lenye umbo la ng'ombe aliyelala, mara tatu, "na hakuna mtu aliyemwambia yule mzungu, na babu yangu hakumwambia, ila shingo yake haikupona."

Ukumbi ulilipuka. Odhiambo, Mkenya anayefanya kazi ghorofa zile zile anazosafisha Mama Perpetua, akasimama juu ya kiti. "Wee! Goli limekubaliwa! Marefa wameangalia video!" Nikasema Ndivyo, na Mama Perpetua akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nitakuambia ukweli, Nadia, nilimpenda sana Ntibanyura. Wabelgiji walipomletea karatasi ya kukubali nchi yake iunganishwe na ya jirani, hakukataa hata siku moja. Aliumwa tu. Leo mgongo, kesho jino, mwezi ujao kikohozi kisichotaka kuona wino. Wakamtumia daktari, daktari akakaribishwa pombe ya ndizi, akarudi na ripoti kwamba mgonjwa anahitaji kupumzika. (Vijiti viwili, nyumba mbili, nimehakikisha.) Mbinu hiyo niliijaribu kwenye mtihani wa kuogelea. Haifanyi kazi. Wauguzi wa shule za Sweden hawanywi.

Lakini jambo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la barabara. Wabelgiji walitaka watu wa kupasua mawe na kujenga barabara inayopanda kutoka ziwani. Watawala wengine, Mama Perpetua anasimulia, waliwafunga watu wao kamba wakawapeleka kama mbuzi. Ntibanyura hakumfunga mtu. Alishuka mwenyewe barabarani, mwana wa ukoo wa kifalme, akaweka jiwe kichwani, na Mbelgiji akaona aibu. Hapo Mama Perpetua huwa anainuka kitini. Na mimi kila mwaka nilisema Ndivyo, kwa sauti kubwa, bila hata kufungua daftari.

Sasa kuna Mzee Melkiori. Ni Mrundi anayekaa Tumba, upande wa pili wa mji, na kila Jumamosi yetu anapanda treni na kuvuka Stockholm nzima kuja kukaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Alikuwa dereva wa basi, sasa amestaafu, yeye kwa umri halali. Kwa miaka mitano sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. Nilidhani anakuja kwa ajili ya sambusa, na kwa hilo nilimheshimu.

Majira haya ya kuchipua, wiki moja kabla ya simulizi kubwa ya mwaka, tulibaki wawili tunapanga viti.

"Mzee," nikamchokoza, "safari yote hiyo, na husemi kitu. Sambusa za Tumba zina nini?"

"Za Tumba ni kavu," akasema. Akaweka kiti juu ya kiti. "Nakuja kusikia kama leo atatajwa."

"Nani?"

"Babu yangu. Barutwanayo. Ni mtu wa mlima wa tatu kwenye ile karatasi yenu."

Nikamwuliza siku ile ilikuwaje. Ilinitoka tu, ni ugonjwa wa kazi. Akaniambia bila kuacha kupanga viti. Watu wa ganwa walikuja mlima wa tatu asubuhi, wakamfunga babu yake pamoja na wenzake mikono nyuma, wakawashusha barabarani. Babu alikaa kule misimu miwili na alirudi na mkono mmoja unaofanya kazi. Na ganwa? Ganwa alibeba jiwe, ni kweli. Siku moja. Siku ambayo mkubwa wa Wabelgiji alikuja kukagua.

"Kwa nini hujawahi kusema?"

"Mwanangu, yule mama ana nini hapa? Siku tano anakokota ndoo, siku moja ni mjukuu wa ganwa. Nimnyang'anye hiyo moja?"

"Na wewe, mzee?"

"Mimi nimeendesha basi miaka thelathini. Nimezoea kunyamaza na kutazama mbele."

Nilipofika nyumbani nikafungua daftari. Jambo la barabara lilikuwa na vijiti viwili, vyote vya mwandiko wangu. Mama Perpetua. Dada yake mkubwa aliyeko Gitega. Chungu kimoja. Mimi niliyemsumbua bibi wa Uvira kwa ajili ya jiwe la ng'ombe, hili nililipitisha bila kulitazama kwa sababu lilikuwa zuri.

Kazi ilinitaka nimwambie Mama Perpetua kabla ya siku yenyewe. Alhamisi nikaenda Kista, nikamsubiri nje ya jengo. Akatoka anaimba. Watoto wa kaka yake walikuwa wanakuja kutoka Uppsala, na watoto wao, kusikia habari za babu yao Ntibanyura kwa mara ya kwanza, na alikuwa ameshonesha nguo mpya. Nikafungua mdomo. Ikatoka kemia. Nikamweleza habari za asidi kutoka pale mpaka kituoni, naye akanisikiliza kwa huruma.

Siku ya simulizi kubwa ukumbi ulijaa hadi jikoni. Wageni wa Uppsala walikaa mbele, watoto wao wakinong'onezana Kiswidi. Mzee Melkiori alikuwa mlangoni. Tukaenda vizuri: Mjerumani, Ndivyo. Jino na kikohozi, Ndivyo. Kisha Mama Perpetua akasimama, akasema Ntibanyura hakumfunga mtu wa Buzirimo kamba, alishuka mwenyewe akabeba mawe. Akanyamaza.

"Bado," nikasema.

Watu wakaangua kicheko. Hilo ndilo tatizo la kuwa mchekeshaji kwa miaka mitano. Mama Perpetua naye akatabasamu, akarudia, kwa madoido zaidi.

"Bado."

Kicheko kikawa kidogo. Mama yangu alinitazama kwa jicho ambalo kwetu lina jina. Mama Perpetua akainama sikioni kwangu. "Ines, utani basi. Leo kuna wageni."

"Sitanii, mama."

Angeweza kuruka, akaenda kwenye jambo lingine, nani angemwuliza? Akajinyoosha, akarudia kwa mara ya tatu, polepole, bila madoido hata kidogo. Hakumfunga mtu. Alibeba mawe.

"Bado."

Hakucheka mtu. Mmoja wa wale wa Uppsala, mwanamume mwenye tai, akainuka. "Huyu binti anamvunjia heshima shangazi yetu, na nyie mnatazama tu?"

"Kaa chini," Mama Perpetua akasema. "Desturi ni ya babu yako." Akakaa yeye, na nguo yake mpya, mikono mapajani. "Nani ana mdomo wa pili?"

Nikatazama mlangoni. Mzee Melkiori alikuwa anatazama viatu vyake. Nikawaza: asipoinuka, nimemwaibisha mama huyu mbele ya ukoo wake, bure, na nitalazimika kuhamia Malmö kama yule mwenye ndevu.

Akainuka. Alisimulia akiwa amesimama pale pale mlangoni, kifupi, kama mtu anayetangaza vituo. Mlima wa tatu. Asubuhi. Jina. Misimu miwili. Mkono. Jiwe la siku moja.

Mama Perpetua hakumkatiza. Alipomaliza akamwuliza, "Walimfunga kwa kamba gani?"

"Ya katani."

"Mbele au nyuma?"

"Nyuma."

"Katani," Mama Perpetua akarudia. Kisha akasema, si kwa sauti ya kusimulia, kwa sauti ya mtu anayetafuta kitu kabatini: "Bibi yangu alikuwa na habari yake ya mwaka wa barabara. Alikuwa akisema mwaka ule kamba za katani ziliisha nyumbani kwa ganwa, hata mbuzi wakawa hawafungwi, wanakula maharage ya watu. Sisi watoto tulikuwa tunacheka sana, kwa ajili ya mbuzi." Akapangusa uso. "Miaka yote hii sikujiuliza zilikwenda wapi."

Nyumba mbili. Akanigeukia, akangoja, kama desturi inavyotaka. Nikasema Ndivyo, na sauti yangu haikufika safu ya pili.

Basi akasimama akaanza barabara upya. Sijawahi kumsikia akisimulia vile. Alianzia mlima wa tatu, akamtaja Barutwanayo na mikono yake nyuma, na alipofika kwenye jiwe la ganwa akasita, akamwuliza Mzee Melkiori mbele ya watu wote, "Siku moja, kaka yangu?" Mzee akasema, "Moja." "Basi moja," akasema Mama Perpetua, akaendelea. Jiwe lile la ganwa ni akili yake ile ile iliyomzungusha Mjerumani, tuliyoipigia makofi. Safari hii aliyezungushwa alikuwa mtu wa mlima wa tatu. Nilikuwa nampenda ganwa, na bado namstaajabia ujanja wake. Lakini kama ni kumvulia mtu kofia, mimi namvulia yule aliyesimama na nguo mpya akamshusha babu yake mwenyewe kutoka siku zote hadi siku moja, mbele ya wajukuu.

Baadaye nilimkuta jikoni anaosha vikombe. Nikaanza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono wenye povu.

"Ulikuwa unatetemeka."

"Ndiyo, mama."

"Bado ya kwanza, au ya tatu?"

"Zote. Na Alhamisi pia, kule Kista."

"Nilijua asidi si bure." Akasuuza kikombe. "Unajua kwa nini kazi hii anapewa mtoto? Mtoto hajui nani ataumia. Anasema tu. Wewe umejua nani ataumia, na umesema. Hiyo si kazi ya mwitikiaji tena."

"Kwa hiyo nimefukuzwa?"

"Umekua. Kufukuzwa kungekuwa nafuu." Akanitupia taulo. "Futa hivyo vikombe."

Nikafuta. Mlango ulikuwa wazi, na kule ukumbini nilimsikia Mzee Melkiori, mtu wa salamu tu, amezungukwa na wale watoto wa Uppsala. Alikuwa anawafundisha kulitamka jina la babu yake. Walilivunja vibaya, kwa Kiswidi chao, mmoja baada ya mwingine, naye kila mara aliwaambia warudie.